Blagoje Vidinić, Kocha wa Chui wa 1974

Mwaka 1974 timu ya taifa ya Zaire ilicheza mechi mbili ambazo hazikai pamoja kwa urahisi kichwani. Tarehe 14 Machi, mjini Cairo, iliifunga Zambia magoli 2-0 na kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, ilifungwa na Yugoslavia magoli 9-0 katika Kombe la Dunia. Kati ya mechi hizo haikupita hata miezi minne. Wachezaji walikuwa karibu walewale, na aliyeketi kwenye benchi alikuwa mtu yuleyule: Blagoje Vidinić, ambaye siku za ujana wake aliwahi kulinda lango la Yugoslavia yenyewe.

Kwetu Mokambo, mpakani na Zambia, mechi ya Cairo bado inasimuliwa, na mimi kwa mazoea ya somo letu la isimu husikiliza viambishi kabla ya kusikiliza habari. Anayesimulia Cairo husema tulishindaka. Akifika Gelsenkirchen, sentensi inabadilika: sasa ni balipigwaka. Kiambishi tu- kimeondoka, ba- kimeingia. Ushindi ni wetu, kipigo ni chao. Katika masimulizi hayo kocha hana kiti cha kudumu. Cairo husimuliwa kama kazi ya Ndaye Mulamba peke yake, na Gelsenkirchen husimuliwa kama kosa la yule mgeni. Naandika maisha yake hapa kwa sababu naona hesabu hiyo haina haki, si kwa upande wa kwanza wala kwa upande wa pili.

Vidinić alizaliwa Skopje tarehe 11 Juni 1934. Mji huo leo ni makao makuu ya Masedonia Kaskazini. Wakati ule ulikuwa ndani ya ufalme wa Yugoslavia. Alianza mpira katika klabu ya nyumbani, Vardar, kisha akahamia Belgrade katika klabu ya Radnički. Kazi yake uwanjani ilikuwa lango. Jambo hili naomba msomaji alishike, maana litarudi. Mlinda lango ndiye mchezaji pekee anayeutazama mchezo wote ukiwa mbele yake, na ndiye pekee ambaye kosa lake moja huandikwa papo hapo kwenye ubao wa matokeo. Mshambuliaji akikosa mara tano na kufunga mara moja, anabebwa mabegani. Mlinda lango akiokoa mara tano na kukosa mara moja, anaulizwa juu ya ile moja.

Mwaka 1960 ulimwonyesha sura zote mbili za kazi hiyo. Tarehe 10 Julai, mjini Paris, alikuwa langoni Yugoslavia ilipocheza na Umoja wa Kisovieti katika fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Ulaya. Mechi ilifika muda wa nyongeza, na Viktor Ponedelnik akafunga goli la pili la Wasovieti. Yugoslavia ikapoteza 2-1. Miezi miwili baadaye, Yugoslavia ikashinda medali ya dhahabu ya Michezo ya Olimpiki ya Rome, na Vidinić alikuwa miongoni mwa waliovishwa. Ndani ya msimu mmoja wa joto alionja kupoteza kombe dakika za mwisho na kupanda jukwaa la washindi.

Baada ya hapo alifanya kama walivyofanya wachezaji wengi wa Yugoslavia wa kizazi chake: alitoka. Alicheza Uswisi katika klabu ya Sion, halafu Marekani, ambako mwishoni mwa miaka ya 1960 waliokuwa wakianzisha ligi za kulipwa walihitaji watu wenye uzoefu wa Ulaya. Huko aliichezea Toros, iliyoanzia Los Angeles na kuhamia San Diego. Ilikuwa pia enzi ya Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, ambazo Yugoslavia ya Tito ilikuwa mojawapo ya nguzo zake. Wahandisi, madaktari na makocha wa Yugoslavia walikuwa wakifanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Vidinić alikuja barani kwetu katika mkondo huo, na kituo chake cha kwanza kikubwa kilikuwa Morocco.

Aliipeleka Morocco kwenye Kombe la Dunia la 1970 nchini Mexico. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imecheza fainali hizo tangu Misri mwaka 1934. Katika mechi ya kwanza Morocco iliwatangulia Wajerumani Magharibi kwa goli la Houmane Jarir, na ikaendelea kuongoza hadi baada ya mapumziko, ndipo Uwe Seeler akasawazisha na Gerd Müller akafunga la ushindi. Matokeo: 2-1. Peru iliwafunga 3-0. Kisha wakatoka sare 1-1 na Bulgaria, na hiyo ikawa pointi ya kwanza ya Afrika katika historia ya Kombe la Dunia. Pointi moja ni kitu kidogo, lakini kabla yake hapakuwa na kitu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikabidhiwa timu yetu ya taifa. Ni vizuri kueleza alichokikuta, kwa sababu neno kujenga upya hutumika ovyo, kana kwamba kila kocha mpya hukuta pori. Vidinić hakukuta pori. Mwaka 1968, mjini Addis Ababa, Kongo-Kinshasa chini ya kocha Mhungaria Ferenc Csanádi ilikuwa imeshinda Kombe la Afrika kwa kuifunga Ghana 1-0, goli la Kalala wa Lubumbashi. Na Lubumbashi yenyewe ilikuwa na klabu ambayo Mapadre Wabenedikto waliianzisha mwaka 1939, ikabadilisha majina mpaka ikaitwa Englebert, ikaongezewa sifa ya Tout Puissant, na leo inaitwa Mazembe. Klabu hiyo ilicheza fainali nne mfululizo za Kombe la Mabingwa wa Afrika, kuanzia 1967 hadi 1970. Ilishinda mbili za kwanza na kupoteza mbili zilizofuata.

Kwa hiyo vipaji vilikuwapo, na sifa pia. Kilichokuwa kimevunjika ni timu. Katika Kombe la Afrika la 1970 nchini Sudan, mabingwa watetezi walitolewa kwenye makundi. Mwaka 1972 nchini Kamerun walifika nusu fainali, wakafungwa na Mali 4-3 baada ya muda wa nyongeza. Wakashuka kutafuta nafasi ya tatu, wakafungwa na wenyeji 5-2. Yaani katika mechi mbili za mwisho walifunga magoli matano na wakafungwa tisa. Anayeitazama hesabu hiyo kwa jicho la mshambuliaji atasema timu ni nzuri, inafunga. Anayeitazama kwa jicho la mlinda lango ataona nyumba yenye paa zuri isiyo na mlango.

Mlango ulitengenezwa, na mafundi wake wengi walitoka kwetu. Timu iliyopangwa 1974 ilikuwa na Kazadi Mwamba langoni, na mbele yake Mwepu Ilunga, Mwanza Mukombo na Bwanga Tshimen, wote wanne wa Mazembe. Pamoja nao alisimama Lobilo Boba wa Vita Club. Mbele zaidi mambo yalikuwa ya Kinshasa: Kidumu Mantantu aliyekuwa kapteni, Kakoko Etepe, Mayanga Maku, Kembo, Ndaye Mulamba. Ukuta wa Lubumbashi, mashambulizi ya Kinshasa. Anayejua jinsi miji hii miwili inavyotazamana siku ya mechi ya ligi ataelewa kwamba kuwaweka watu hao kwenye chumba kimoja cha kuvalia haikuwa kazi ya kuchora mishale ubaoni tu. Kocha alisaidiwa na jambo moja ambalo kwa wachezaji wenyewe lilikuwa kifungo: serikali haikuwaruhusu kwenda kucheza ng'ambo. Kikosi chote kilikuwa nyumbani, na kiliweza kuitwa na kufanya mazoezi pamoja. Uhuru wao wa kutafuta riziki ndio uliolipia umoja huo, na halali yao tuikumbuke tunapomsifu kocha.

Katika miaka hiyohiyo nchi nayo ilikuwa ikibadilishwa majina. Oktoba 1971 Kongo ikawa Zaire, na mwaka 1972, kwa siasa ya otantisite, majina ya ubatizo ya Kizungu yakapigwa marufuku. Robert Kazadi akawa Kazadi Mwamba, Pierre Ndaye akawa Ndaye Mulamba, Pierre Kalala akawa Kalala Mukendi. Mwanafunzi wa majina ya watu leo akichukua orodha ya kikosi cha 1968 na ya 1974, anaweza kudhani ni vizazi viwili visivyojuana. Kumbe Kazadi wa Addis Ababa ndiye Kazadi wa Cairo. Katika kujenga upya kwa Vidinić, hili ni la kutazama: hakuwafukuza wazee ili aonekane ameanza upya. Mlango wake aliukabidhi kwa mtu aliyekuwa amekwisha kushinda.

Matunda yalianza kuonekana mwaka 1973. Vita Club ilishinda Kombe la Mabingwa wa Afrika kwa kuigeuzia Asante Kotoko matokeo: ilifungwa 4-2 Kumasi, ikashinda 3-0 Kinshasa. Timu ya taifa, kwa upande wake, ilikuwa ikiwania nafasi moja tu ambayo Afrika nzima ilipewa katika Kombe la Dunia la timu 16. Ghana iliifunga 1-0 Accra. Ikalipiwa 4-1 Kinshasa. Likabaki kundi la mwisho la timu tatu: Zaire, Zambia na Morocco. Mwezi Novemba Zaire ilishinda Lusaka 2-0, halafu Kinshasa 2-1. Tarehe 9 Desemba ikaipokea Morocco, timu ambayo Vidinić mwenyewe aliipeleka Mexico miaka mitatu kabla, na kuifunga 3-0. Morocco, kwa kulalamikia mechi hiyo, haikucheza ya marudiano. Zaire ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufuzu Kombe la Dunia. Katika mechi zile tatu za kundi la mwisho ilifunga magoli saba na kufungwa moja. Nirudie hesabu ya Kamerun: mechi mbili, kufungwa tisa. Kazi ya kocha iko katikati ya hesabu hizo mbili, na haihitaji kusifiwa zaidi ya kuhesabiwa.

Machi 1974 timu ilikwenda Misri. Haikuanza kwa kishindo: iliifunga Guinea 2-1, ikafungwa 2-1 na majirani wa Brazzaville, ikaifunga Mauritius 4-1. Nusu fainali ilikuwa dhidi ya wenyeji, na Misri ilitangulia kwa magoli mawili. Zaire ilirudi ikashinda 3-2. Nadhani hii, kuliko fainali, ndiyo mechi inayoonyesha timu iliyojengwa. Timu ya 1972 iliachia mlango ulipofunguliwa mara moja. Hii ya 1974 ilifungwa mara mbili ugenini, ikafunga mlango, kisha ikaenda kutafuta magoli yake.

Fainali ilichezwa tarehe 12 Machi dhidi ya Zambia, ambayo nayo ilikuwa na kocha wa Yugoslavia, Ante Bušelić. Wageni wawili wa nchi moja walikaa kwenye mabenchi mawili, kila mmoja akiwa na majirani wetu au sisi. Mokambo inatazamana na upande wa Mufulira, mji wa shaba wenye klabu yake kubwa ya Mufulira Wanderers. Kibemba kinasemwa huku na huko, na koo nyingi zina watu pande zote mbili za mpaka. Ndiyo maana kwetu fainali hiyo haikuwa mechi na watu wa mbali. Kaushi aliitanguliza Zambia, Ndaye akasawazisha. Katika muda wa nyongeza, dakika ya 117, Ndaye akafunga la pili, na watu wakadhani yamekwisha. Dakika ya mwisho kabisa Sinyangwe akasawazisha: 2-2. Siku hizo hapakuwa na mikwaju ya penati ya kuamua fainali hiyo. Ilirudiwa siku mbili baadaye. Ndaye akafunga yote mawili, na Zaire ikashinda 2-0. Magoli yake katika mashindano hayo yalifika tisa, na katika Kombe moja la Afrika hakuna aliyefikia idadi hiyo tangu siku ile.

Rais Mobutu aliwapokea mashujaa kwa zawadi za nyumba na magari. Hapa maisha ya Vidinić yanaingia mahali ambapo mbinu za uwanjani haziwezi tena kueleza kila kitu. Timu iliyokwenda Ujerumani mwezi Juni ilifuatana na msafara mkubwa wa wakubwa, na ilibeba jina la nchi iliyotaka kuonekana. Mechi ya kwanza, tarehe 14 Juni mjini Dortmund, ilikuwa dhidi ya Uskoti. Zaire ilifungwa 2-0, magoli yote katika kipindi cha kwanza. Watu huipita mechi hii haraka, nami naomba wasiipite. Uskoti ilimaliza kundi bila kufungwa, ikiwa na pointi sawa na Yugoslavia na Brazil, ikarudi nyumbani kwa tofauti ya magoli. Ilitoka kwa sababu dhidi ya Zaire ilipata magoli mawili tu. Mlango wa Kazadi na wenzake ulikuwa bado umesimama.

Kati ya Dortmund na Gelsenkirchen kulitokea jambo ambalo wachezaji walilieleza wenyewe miaka ya baadaye. Walitambua kwamba fedha walizoahidiwa hazitawafikia, zimeishia mikononi mwa wakubwa. Walikataa kucheza, wakabembelezwa, wakaingia uwanjani bila moyo. Wapinzani walikuwa Yugoslavia. Kwa kocha, ile ilikuwa jezi aliyoivaa Paris na Rome.

Katika dakika 18 Yugoslavia ilikuwa imefunga magoli matatu. Dakika ya 21 Kazadi aliondolewa, akaingia Tubilandu Dimbi, mlinda lango mfupi wa kimo. Karibu mara moja Josip Katalinski akafunga la nne. Katika vurugu iliyofuata mwamuzi Omar Delgado wa Colombia alimpa kadi nyekundu Ndaye, ilhali aliyempiga teke mwamuzi alikuwa Mwepu Ilunga. Hivyo mfungaji bora wa Afrika alitoka kwa kosa la mwingine. Mapumziko yalifika ikiwa 6-0, mwisho 9-0. Ilikuwa sawa na kipigo kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kutokea katika Kombe la Dunia hadi siku hiyo, kile cha Hungaria dhidi ya Korea Kusini mwaka 1954.

Sasa tuitazame sentensi ile: Kazadi aliondolewa. Kauli ya kutendwa inaturuhusu kumaliza sentensi bila kumtaja mtenda. Kiswahili kinatoa nafasi ya kuongeza na fulani, lakini hakilazimishi. Masimulizi ya mitaani yalijaza nafasi hiyo haraka: na kocha, kwa sababu anatoka Yugoslavia, ameuza mechi kwa ndugu zake. Vidinić mwenyewe alieleza baadaye kwamba amri ilitoka kwa mjumbe wa wizara ya michezo aliyekuwa na timu. Ni nani wa kusadikiwa?

Mimi siyo hakimu, lakini naweza kupima maneno kwa matendo. Kwanza, ikiwa kocha alitaka kuiuza mechi, hakuwa na sababu ya kubadilisha chochote ikiwa tayari 3-0 katika dakika 20. Timu yenye hasira ya fedha ilikuwa ikijiuza yenyewe. Pili, huyu alikuwa mlinda lango kwa ujana wake wote. Watu wa lango wanajua kwamba mwenzao huondolewa akiumia, na kwamba kumtoa mapema baada ya magoli matatu ni kumwambia mbele ya dunia kwamba yote ni yake. Tatu, siku nne baadaye, dhidi ya Brazil, aliyesimama langoni alikuwa Kazadi. Kocha anayeamini kwamba mlinda lango wake ndiye tatizo hamrudishi kwenye mechi dhidi ya mabingwa wa dunia. Kwa mambo haya matatu nakubali maelezo yake.

Lakini kukubali maelezo siyo kumsafisha mtu kabisa. Wizara iliamuru, kocha alitii. Sentensi kamili ina watenda wawili. Vidinić alikuwa amejenga timu ambayo ilijua kila mtu anasimama wapi, na siku ambayo mtu wa nje ya uwanja aliingia kupanga safu yake, hakumzuia. Pengine hakuweza. Nchi ile wakati ule haikuwa nchi ya kumwambia mkubwa hapana, na mgeni mwenye mkataba ana nguvu ndogo kuliko mwenyeji. Bado, jiwe alilolitoa kwenye ukuta alilitoa kwa mkono wake. Kumtetea dhidi ya uwongo kunatupa haki ya kusema pia ukweli huu.

Tarehe 22 Juni Brazil ilihitaji kushinda kwa magoli matatu ili kuivuka Uskoti. Mwepu alieleza baadaye kwamba walinzi wa rais waliwafuata wachezaji na kuwatisha: wakifungwa magoli manne au zaidi, wasitegemee kurudi nyumbani. Timu ilifungwa 3-0. Katika mechi hiyo Brazil ilipata mkwaju huru karibu na lango, na kabla Wabrazili hawajapiga, Mwepu alitoka kwenye ukuta mbio akaupiga mpira mbali. Dunia ilicheka, ikasema Mwafrika huyu hajui sheria. Mwepu alikuwa beki wa Mazembe, bingwa wa Afrika, mtu aliyecheza mechi za kufuzu na fainali ya Cairo. Alizijua sheria. Mtu anayehesabu magoli kwa kuhofia maisha yake huupiga mpira wowote ulio mbele yake.

Vidinić aliondoka Zaire baada ya mashindano hayo. Aliifundisha Colombia, ambayo haikufanikiwa kufuzu Kombe la Dunia la 1978, na miaka yake ya mwisho aliishi Ufaransa. Alifariki Strasbourg tarehe 29 Desemba 2006, akiwa na miaka 72. Kazadi alikuwa amemtangulia mwaka 1996. Mwepu alifuata mwaka 2015 na Ndaye mwaka 2019. Kombe la Afrika halijarudi nchini tangu siku ile ya Cairo.

Kila timu yetu ya taifa inapoanguka, husikika wito wa kujenga upya, na macho hugeukia 1974. Mimi ningependa yageukie 1972 na 1973, miaka isiyo na wimbo, wakati timu iliyofungwa magoli tisa katika mechi mbili ilipokuwa ikijifunza kufungwa moja katika mechi tatu. Kazi ilifanyika hapo: wachezaji wa miji miwili inayoshindana kuzoeana, mzee wa 1968 kuachwa langoni, na kocha kuachwa apange timu yake. Mambo hayo yalipoheshimiwa, tulishinda. Fedha za wachezaji zilipochukuliwa na safu ikapangwa kutoka nje ya uwanja, ukuta uleule ulianguka ndani ya dakika 20. Waliokuwa Cairo na waliokuwa Gelsenkirchen ni watu wamoja, kocha wao akiwemo. Anayesema tulishindaka, na aseme pia tulipigwaka.